Lubumbashi: Dawa ya ganzi iandikwe kabla ya operesheni

Mgonjwa anayepasuliwa tumbo kwa matundu madogo, njia ambayo madaktari wa Lubumbashi huiita selioskopi, huambiwa kwamba hatateseka sana. Usiku wa kwanza huleta mengine: vidonda vinawaka, bega linauma kwa sababu ya gesi iliyopulizwa tumboni, na ndugu yake anatoka na orodonansi kutafuta dawa ya maumivu.

Sehemu ya mateso hayo ingepunguzwa kabla hajaamka. Bupivakaini, ganzi ambayo pia hudungwa akina mama mgongoni wakati wa kuzaa kwa operesheni, ikidungwa pembeni ya matundu hutuliza vidonda kwa saa 4 hadi 8 hivi. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya OMS. Haiondoi maumivu ya bega, na kipimo lazima kifuate uzito wa mgonjwa, maana ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Hapo ni kazi ya daktari.

Lakini mara nyingi jamaa ndiyo inayolipa. Basi ganzi hiyo iandikwe kwenye orodonansi ya kwanza, pamoja na uzi na glavu, isingojwe mpaka mgonjwa alie. Naye mgonjwa aulize mapema, siku ya kupangiwa operesheni: mutanidunga ganzi kwenye vidonda?