Angevunjika Mguu Mngemtumia Pole

Wiki ya tatu sasa mjini stori ni moja. Yule dada wa kipindi cha asubuhi, ambaye abiria wa daladala walizoea kucheka naye kabla hata ya chai, hayupo hewani. Tetesi zilianza na mimba. Ikawa kafukuzwa, kamzingua bosi. Wengine wakaapa wamemwona soba. Mwishowe mtu wa ndani ya kituo, Mungu ndiye anajua alilipwa shilingi ngapi, akavujisha karatasi yenyewe: dada kapewa ED na daktari, anaumwa sonona.

Hapo ndipo watu walipoharibu. Huyu anamwambia Mirembe inamhusu, yule anasema ni kiki ya kurudi na kipindi kipya, mwingine anauliza mtu mwenye gari na nyumba nzuri Mikocheni anaumwaje mawazo. Kisha ikatoka picha yake akiwa Kigamboni, kakaa mchangani na mdogo wake, hindi la kuchoma mkononi, ikageuka kuwa ushahidi wa mahakamani. Mgonjwa gani huyo anakula upepo?

Rudini nyuma kidogo basi. Mwaka jana ripota wa kituo hichohicho, yule wa kuzunguka mitaani na maiki, alianguka na bodaboda, mguu ukavunjika, akakaa nyumbani miezi miwili. Alichangiwa. Alipelekewa matunda. Aliposti picha yuko ufukweni na magongo yake, akaambiwa pona haraka mwamba. Hakuna aliyemuuliza kwa nini hajalala kitandani, maana kila mtu anaelewa kwamba mguu wenye hogo haumzuii mtu kuangalia bahari, unamzuia kukimbizana na stori Kariakoo.

Sasa kazi ya huyu dada ni nini? Ni kuamka saa tisa usiku, kufika studio saa kumi na moja, na ikigonga saa kumi na mbili awe anacheka. Siyo kutabasamu, kucheka, masaa manne, kila siku ya kazi. Sonona inaanza kula hapohapo: usingizi haupo, chakula hakipiti, kichwa hakishiki sentensi mbili, na furaha ndiyo kwanza inaondoka. Walio karibu naye wanasema miezi ya mwisho alikuwa anaweka nyimbo tatu mfululizo ili apate muda wa kwenda chooni kulia, anawe uso, arudi. Wasikilizaji waliona. Walilalamika kwamba siku hizi kipindi kimejaa miziki tu, maongezi hakuna. Yaani dalili zilikuwa zinarushwa hewani kabisa na watu wakaziita uvivu.

Na hii ED siyo zawadi ya bosi mwenye roho nzuri. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo anakula mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara. Awe amefikisha miezi 6 kazini, na alete cheti cha daktari aliyesajiliwa. Basi. Sheria imesema ugonjwa. Haikusema ugonjwa wa kuanzia shingoni kwenda chini.

Haina maana mgonjwa haguswi milele. Mwajiri anaweza kuachana na mtu ambaye afya imegoma kabisa, lakini hawezi kuamka tu asubuhi akaandika barua. Lazima aangalie ugonjwa ni mkubwa kiasi gani, utachukua muda gani, kama kuna kazi nyepesi ya kumpa, na amsikilize mwenyewe. Akiruka hatua hizo, mfanyakazi ana siku 30 tangu aachishwe kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Siku 30 tu, na mtu mwenye sonona anaweza kuzimaliza zote akiangalia dari, kwa hiyo ndugu na washkaji ndio wa kumshika mkono hapo.

Sasa linganisha na yule kijana mpiga kamera wa tivii moja hapa mjini, ambaye stori yake haikutrendi. Naye alikuwa haamki. Aliona aibu kumwambia HR kwamba anaumwa kichwani, akaaga ana matatizo ya kifamilia, akapewa siku tatu, akazima simu wiki mbili. Hospitali hakwenda. Alipowasha simu alikuta kashaitwa kwenye kikao cha nidhamu kwa utoro, kwa sababu kukosa kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu ya maana ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Alifukuzwa, na kwenye makaratasi kituo hakikuwa na kosa. Ugonjwa ni uleule wa dada wa asubuhi. Tofauti ni daktari.

Ndiyo maana hizi kejeli zina gharama. Kila mtu mwenye kazi anazisoma kimyakimya. Kesho na yeye akizidiwa hatasema sonona, atasema msiba, atasema tumbo, ataomba likizo bila malipo wakati ana haki ya siku 63 za mshahara kamili.

Kuna wanaosema watu wataigiza. Wapo, tena hawajaanza leo, nusu ya maofisi yanajua mtu ambaye mgongo unamuuma kila Jumatatu baada ya derby. Hakuna aliyefuta ED za mgongo kwa sababu yake. Mgongo nao hauonekani kwa macho, daktari ndiye anayeulizwa.

Hoja nzito ni nyingine, na haizungumzwi: watangazaji, madansa na wapiga picha kibao hawana mkataba wa maana. Wanapewa posho mkononi na kuambiwa wao ni wa kujitegemea, hivyo ED haiwahusu. Siyo lazima iwe hivyo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inasema mtu aliyemfanyia kazi mwingine wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi 3 iliyopita anachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi! Kuna madogo studio wanazimaliza kwa wiki moja na bado wanaitwa wageni.

Halafu huyo aliyevujisha karatasi. Watu wamemjadili mgonjwa wiki tatu, yeye hata siku moja. Taarifa za afya ya mtu zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kama kuna mtu kwenye hii ishu anatakiwa kuitwa na kujieleza, siyo aliyekaa Kigamboni.

Simone Biles alijitoa kwenye fainali ya timu Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 kwa ajili ya afya ya akili. Paris 2024 akabeba dhahabu 3. Alipewa muda.

Dada wa asubuhi mpaka leo hajaposti neno. Kiti chake kakalia mtu mwingine, anajitahidi, ila jingo ya kipindi bado ina kile kicheko chake, kinapigwa kila baada ya nusu saa.