Hisabati Si Mwiko kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Kuna kauli iliyozoeleka mno miongoni mwetu: "Sisi ni watu wa lugha, hesabu tuliziacha kidato cha nne." Kauli hii huchekesha hadi siku mwanafunzi anapotaka kuomba nafasi ya uzamili au uzamifu nchini Marekani, akakuta chuo alichokichagua kinadai matokeo ya mtihani wa GRE. Ni kweli kwamba idara nyingi za huko zimeuondoa mtihani huo katika masharti yao. Hata hivyo, zipo zinazoendelea kuudai, na wapo wenzetu wanaokata tamaa mapema kwa sababu ya sehemu moja tu, hisabati.

Woga huu hauna mashiko. Tangu mtihani ulipofupishwa Septemba 2023, sehemu hiyo ina maswali 27 yanayofanywa kwa dakika 47. Hamna kalkulasi wala trigonometria. Yaliyomo ni hesabu za kawaida, aljebra, jometri na takwimu, mambo ambayo aghalabu tuliyapitia shuleni. Kinachowaangusha wengi, kwa maoni yangu, ni usomaji.

Chukua mathalan swali la kulinganisha viwango viwili. Kiwango A ni kipeo cha pili cha x. Kiwango B ni x yenyewe. Kipi kikubwa? Mwenye pupa atajibu A, kwa kuwa x ikiwa 2, A ni 4. Lakini x ikiwa 1, viwango vinatoshana. Ikiwa nusu, A ni robo, na B imeizidi. Kwa vile swali halikutaja x ni namba ya aina gani, jibu ni kwamba uhusiano hauwezi kubainishwa. Je, hii si kazi ileile ya mhakiki anayekataa kuisemea matini jambo ambalo haikulisema?

Istilahi nazo zina mitego yake, na hapa Kiswahili kinatufaa kuliko tunavyokiri. Watoto wa shule za msingi za umma nchini Tanzania hujifunza hisabati kwa Kiswahili, nao huzijua namba shufwa, namba witiri na namba tasa. Neno tasa, kwa hakika, hushika kumbukumbuni upesi: namba isiyogawika ila kwa 1 na kwa yenyewe. (Mpwani aliyezoea swala ya witiri hahitaji kuelezwa maana ya witiri.) Mtahini hupenda kuuliza kama sifuri ni shufwa, nayo ni shufwa ingawa si chanya wala hasi; au kama ipo namba tasa iliyo shufwa, nayo ipo moja tu, 2.

Napendekeza basi kwamba chama chetu kitenge saa moja kila wiki, wanachama wasome maswali ya Kiingereza, kisha wayafafanue kwa Kiswahili kabla ya kushika kalamu. Asiyeweza kulieleza swali kwa lugha yake hajalielewa bado. Tuanze na asilimia, maana huwahadaa hata wajuzi. Kitabu cha shilingi 1,000 kikipandishwa bei kwa asilimia 20, kisha bei hiyo mpya ikapunguzwa kwa asilimia 20, hakirudi 1,000. Huuzwa 960.