Jina ni letu, lakini maamuzi ni ya nani?

Wiki jana nilimtumia mama mboga 150 kwa simu. Laini yangu ni ya mtandao mmoja, yake ni ya mwingine. Kwangu zikatoka, kwake hazikuingia. Tukabaki kuangaliana, nyanya zikiwa katikati, na mimi ndiye nikaonekana mwongo. Zilirudi jioni.

Najua mtasema ni netiweki. Sawa, lakini kuna mtu aliyeamua netiweki ikikwama, pesa zikae wapi na kwa muda gani. Huyo ndiye nataka kumjua.

Ndiyo maana naipenda Mojaloop. Eeh, hiyo "moja" ni ya Kiswahili. Ni programu huria ya kuunganisha benki na mitandao ya pesa za simu, iliyotolewa 2017 na wakfu wa Bill Gates. Muamala unapita hatua tatu. Kwanza mfumo unatafuta mpokeaji yuko mtandao gani. Halafu pande mbili zinakubaliana ada, kabla hata shilingi moja haijasonga. Mwisho ndio pesa zinahama, na hata hapo zinawekwa kando kwanza. Upande wa pili ukikataa au muda ukiisha, zinaachiliwa.

Mpangilio huo haukujileta. Kuna kamati ya usanifu, na hoja zake ziko wazi GitHub, mtu yeyote mwenye bando anasoma.

Na huria haimaanishi kila mtu abadilishe anavyotaka, wasee. Benki moja ikiandika namba kwa 07 na nyingine kwa +254 bila makubaliano, hazitasikizana kamwe. Viwango ndivyo kazi yenyewe, ingawa vinaboesha. Na kama unaogopa eti kitu huria kitaibiwa, simu yako ya Android inakaa juu ya Linux, ambayo ni huria pia.

Huku Kenya mitandao ilianza kutumiana pesa moja kwa moja 2018. Poa sana. Sasa nionyesheni mahali mimi na nyinyi tunaweza kusoma sheria za hapo katikati, pale 150 yangu ilipolala mchana mzima. Tunajifunza kuandika programu kila kona ya hii Nairobi, na mfumo tunaoutumia kila siku hatuwezi kuuchungulia?

Mama mboga naye ameshaamua. Jana aliniona nikitoa simu, akasema, "Kijana wangu, leta tu kesh."