Mzigo wa Juu Ufungwe!

Desemba ikifika, barabara ya Dar es Salaam kwenda Moshi hufurika magari. Watu wanarudi nyumbani kula sikukuu, na hakuna arudiye mikono mitupu. Noah, Probox, hata IST zinasheheni mchele, madumu ya mafuta ya kupikia, mabegi ya watoto na godoro jipya la bibi. Buti likijaa, mzigo unapanda juu.

Sina ugomvi na hilo. Mwenye kipato kidogo hana pesa ya kukodi pikapu, na godoro la bibi lazima lifike. Keria iliyochomelewa na fundi wa mtaani, ikishikwa vizuri, inafanya kazi. Anayemcheka mtu kwa sababu amebeba godoro juu ya gari hajui maisha. Ugomvi wangu ni na kamba.

Simama Chalinze uyatazame magari hayo yanavyopita. Kamba imechakaa, imeungwa mafundo matatu, imepitishwa mara moja tu katikati ya mzigo. Turubai linapepea. Godoro limenyanyua kichwa. Mwambie dereva, naye atakujibu: "Twende tu, Mungu yupo." Mungu yupo, ndiyo, na kamba ameiweka mikononi mwako!

Ukimbana zaidi, atakwambia hali ni ngumu. Hapo ndipo ninapokataa katakata. Kamba mpya ya manila haifikii nauli ya abiria mmoja wa kwenda Moshi. Kinachokosekana ni dakika ishirini za kufunga, na moyo wa kumjali anayekuja nyuma. Tusiusingizie umaskini uzembe wetu.

Upepo haujui sikukuu. Gari likitoka kilomita 80 kwa saa likafika 100, mwendo umeongezeka kwa robo tu, lakini nguvu ya upepo imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Godoro la futi tano kwa sita, upepo ukishaingia chini ya ncha yake ya mbele, linainuliwa kwa nguvu ya makumi ya kilo. Mpira wa tyubu unaotosha kushika kreti kwenye bodaboda mjini hauwezi kulizuia. Utavutika, godoro litainuka zaidi, nao upepo utapata pa kushika. Likichomoka, halimwangukii aliyelifunga. Linamwangukia kijana wa pikipiki aliye nyuma, ambaye hakuulizwa lolote.

Kufunga kwenyewe hakuhitaji shule. Watingo wa malori wanaufahamu vizuri ufungaji huu. Piga kitanzi katikati ya kamba, pitisha ncha kwenye chuma cha keria, irudishe kitanzini, kisha vuta kuelekea chini kwa uzito wako wote, ndipo ufunge. Kamba itaimba kama waya. Fanya hivyo mbele na nyuma ya mzigo, si katikati pekee, kisha ishushe nyingine kutoka ncha ya mbele ya godoro mpaka kwenye ndoano ya kuvutia gari, chini ya bampa. Ukitumia mkanda, uzungushe msokoto mmoja, usije ukatetemeka njia nzima na kujilegeza. Ukifika Kibaha, simama ukaze tena, maana matuta yameshaulaza mzigo na kamba imelegea. Hayo yote ni bure!

Lipo kosa jingine linalonitia hasira kuliko yote. Gari halina keria, basi kamba inapitishwa madirishani, milango ikiwa imefungwa. Sasa milango haifunguki. Abiria wameingia kwa kuchupa dirishani, watoto wamepitishwa mikononi, na watu wanaona ni ufundi. Gari likishika moto, watatokea wapi? Fungua milango, pitisha kamba ndani chini ya dari, funga milango juu yake. Gharama ni ileile. Tofauti ni kwamba watu waliomo ndani wanaweza kutoka.

Na mchele ushuke! Magari madogo mengi yametengenezwa kubeba juu kati ya kilo 50 na 100, uzito wa keria ukiwa ndani ya hesabu hiyo. Gunia moja la kilo 100 limeshamaliza kila kitu, na wewe unapandisha la pili. Mzigo mzito ukikaa juu, gari linapoteza utulivu. Mbuzi akikatiza huko Mombo, ukikata usukani ghafla, gari linalala. Kizito kikae sakafuni, chepesi na kikubwa kipande juu. Kila dereva analijua hili. Ila sakafu ya Noah ina viti, na kiti kina nauli. Gunia limepandishwa juu ili abiria mmoja zaidi aketi chini, na abiria huyo ndiye atakayelipia kwa mwili wake gari likipinduka. Mwenye gari afanyaye hivyo anauza watu, na aambiwe hivyo usoni.

Askari wa barabarani naye, baada ya kukagua leseni na bima, aishike kamba aivute. Ikicheza, gari lisiondoke mpaka ifungwe upya palepale, mbele ya abiria wote. Abiria nawe usinyamaze. Umelipa nauli, shuka, zunguka gari, tikisa mzigo kwa mkono wako. Ukitikisika, kataa kupanda, na uwaambie wenzako wakatae. Dereva aliyekosa dakika ishirini za kufunga atazipata haraka sana akiona viti vitupu.