HIVI "NDIVYO ALIVYO" NI UGONJWA GANI?

Leo sina picha za harusi wala vijembe vya Bungeni. Kuna jambo limenikaa rohoni wiki nzima, na nitalisema bila kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nchi hii ina ugonjwa ambao haumo katika kitabu chochote cha udaktari, lakini watoto wanaandikiwa kila siku. Unaitwa "ndivyo alivyo". Mtoto hanenepi? Ndivyo alivyo. Anahema kama katoka mbioni wakati yuko mgongoni kwa mama yake? Ndivyo alivyo. Ana miaka saba, ukimwita hageuki? Aah, watoto wa hivi ndivyo walivyo bwana!

"Watoto wa hivi" ni wale wenye sindromu ya Down. Mnawafahamu. Kila mtaa wapo, ingawa wengine wamefungiwa chumba cha uani mgeni akija. Nasema hivi, na mwenye kubisha abishe: kromosomu haiwamalizi watoto hawa peke yake. Linalosaidia kuwamaliza ni hilo neno, likitoka kwenye mdomo wa mtu aliyevaa koti jeupe.

Kwanza tuelewane. Seli ya mwili wa binadamu kwa kawaida ina kromosomu 46, yaani jozi 23. Mwenye Down ana nyongeza kwenye ile ya 21. Basi, ni hilo tu. Daktari wa Kiingereza John Langdon Down aliieleza hali hii mwaka 1866, na mwaka 1959 Wafaransa Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin wakaonyesha kwamba chanzo chake ni hiyo kromosomu ya ziada. Si laana, si mkono wa shangazi, si kwamba mama alimcheka mlemavu akiwa mjamzito. Hutokea kwa takribani mtoto mmoja kati ya 700 hadi 1,000, kwa Mzungu, Mhindi na Mswahili. Uwezekano hupanda umri wa mama ukipanda, na akifika miaka 40 ni kama mmoja kati ya 100. Hata hivyo watoto wengi wa Down huzaliwa na mama vijana, kwa sababu vijana ndio wanaozaa zaidi. Kwa hiyo ninyi akina baba mnaofungasha virago mkisingizia kwamba "kwetu hakuna hiyo", hamna hoja. Rudini nyumbani mkalee.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo penyewe.

Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo. Nusu! Mara nyingi ni tundu, na wakati mwingine ni tundu kubwa katikati kabisa, pale vyumba vinne vya moyo vinapokutana. Damu iliyotakiwa kwenda mwilini inarudi kwenye mapafu kwa nguvu. Mtoto anahema haraka haraka. Akinyonya anatoka jasho la uso, ananyonya dakika mbili anaachia titi, amechoka. Hanenepi. Nimonia haimwishi, ikitoka hii inaingia ile.

Tundu hilo linazibika. Lakini lina saa yake. Lile kubwa la katikati madaktari hupenda kuliziba mtoto akiwa na miezi mitatu hadi sita. Likiachwa, mishipa ya mapafu inakakamaa kwa kupigwa na ile damu, presha ya mapafu inapanda, na mwisho damu inageuza njia. Midomo inakuwa ya bluu. Akifikia hapo, kuziba tundu ndiko kutakakomuua. Yaani daktari yupo, chumba cha upasuaji kipo, na mlango umeshafungwa.

Katika pita pita zangu za kazi nilizungumza na mama mmoja wa Mbagala. Mwanawe alilazwa kwa nimonia mara tatu kabla ya kutimiza mwaka. Kliniki akawa anasimangwa mbele za watu kwa sababu mstari kwenye kadi haupandi: "Wewe unamlisha nini huyu mtoto?" Anapewa dawa ya maji ya kikohozi, anaambiwa hawa ndivyo walivyo, nenda nyumbani. Kipimo cha eko ya moyo alikipata mtoto akiwa na miaka miwili na nusu. Akaelezwa kwa upole kwamba wangekuja mapema ingekuwa habari nyingine. Nikamuuliza, siku ya kwanza walikuambiaje kuhusu moyo? Akaniangalia. "Mdogo wangu, siku ile hata jina la tatizo sikuambiwa. Walimwambia mama mkwe."

Hospitali siitaji, kwa sababu ukiondoa jina lake unaweza kuweka nyingine nyingi na habari isibadilike.

Najua utetezi unaokuja: "Hatuna kipimo cha kromosomu, ni ghali, hatuwezi kuthibitisha." Jamani! Nani kasema lazima uhesabu kromosomu ndipo upime moyo? Nesi wa wodi ya wazazi akimtilia shaka mtoto kwa macho, viganja na ulegevu wa misuli, hiyo shaka peke yake inatosha kumwandikia rufaa ya eko. Tena kusikiliza kwa kile kidude cha masikioni hakutoshi, maana mtoto mchanga mwenye tundu kubwa anaweza asitoe mlio wowote wiki za mwanzo. Ukisikia kimya ukamwambia mama "moyo mzima", umemdanganya bila kujua.

Utetezi wa pili: "Upasuaji ni wa India." Hiyo ni hadithi ya zamani. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianzishwa mwaka 2015 hapo hapo Muhimbili, na watoto wanafanyiwa upasuaji wa moyo na Watanzania wenzetu. Tatizo ni ile njia kutoka wodi ya wazazi ya wilayani mpaka pale. Njia hiyo haina kibao. Mama anaitafuta kwa kupapasa, na anapoifikia ile saa imeshapita.

Na moyo ni mwanzo tu. Watoto wengi wa Down hupungukiwa na usikivu, mara nyingi kwa sababu ya ute kujaa nyuma ya ngoma ya sikio, kitu ambacho kinatibika. Sisi tunasema mbishi, tunampiga. Hasikii kweli! Tezi ya shingo nayo hulegea kazi, iwe utotoni au ukubwani. Kijana aliyekuwa anacheza muziki kwenye kila sherehe anaanza kunenepa, kulala mchana kutwa, kupooza. Familia inasema akili imezidi kurudi nyuma. Kipimo kimoja cha damu na kidonge kimoja kwa siku kingemrudisha kwenye muziki wake. Pingili za juu za shingo zinaweza kulegea. Akianza kuyumba, au kujikojolea wakati alishaacha, hiyo ni dharura, msiseme anadeka. Kukoroma na kukatika pumzi usingizini kunatibika. Saratani ya damu huwapata watoto hawa zaidi kuliko wengine, kwa hiyo homa zisizoisha na michubuko isiyo na sababu zinataka maabara, si maji ya baraka peke yake.

Yote haya yanajulikana. Si siri ya Wazungu. Marekani mwaka 1983 nusu ya vifo vya watu wenye Down vilitokea kabla ya miaka 25. Kufikia 1997 umri huo ulifika 49, na leo wastani wa maisha yao huko ni kama miaka 60. Je, kuna mtu aliyewatoa ile kromosomu? Hakuna. Walitolewa kwenye majumba ya kutupia watu, wakaanza kutibiwa mioyo kama wengine.

Wala msidhani huko walipewa kwa huruma. Mwaka 1982 pale Bloomington, Indiana, alizaliwa mtoto wa Down ambaye umio wake haukuungana na tumbo. Upasuaji ulikuwepo. Wazazi, kwa ushauri wa daktari, walikataa, mahakama ikaunga mkono, na mtoto akafa akiwa na siku sita. Taifa zima likalipuka. Mwaka 1995 Sandra Jensen wa California, mwanamke mtu mzima aliyemaliza sekondari na kutetea haki za wenzake, alikataliwa kupandikizwa moyo na mapafu kwa madai kwamba mwenye Down hataweza masharti ya dawa. Watu walipiga kelele mpaka Januari 1996 akapandikizwa. Kelele, wadau. Kelele!

Kuna wengine watasema, tena nimeshawasikia: "Nchi maskini, dawa hazitoshi, kwa nini mamilioni yaende kwa mtoto ambaye hatakuwa hata karani?" Nawauliza hivi: mlevi aliyeanguka na bodaboda usiku wa manane anaulizwa cheti cha kidato cha nne kabla ya kushonwa? Mzee wa miaka 80 anaulizwa atalijengea nini taifa? Mbona mtoto huyu mmoja tu ndiye anayetakiwa kulipia uhai wake kwa akili?

Karatasi tunazo kibao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tuliuridhia mwaka 2009, na ibara yake ya 25 ni ya afya. Tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Sera inasema mtoto wa chini ya miaka mitano atibiwe bure. Halafu kila tarehe 21 Machi, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitambua tangu 2012, tunavaa soksi zisizofanana, mgeni rasmi anagawa juisi na sabuni, kamera zinamulika, kesho yake kimya. Soksi hazipimi moyo!

Ninachodai ni kidogo sana:

1. Mtoto anayeshukiwa kuwa na Down asitoke wodini bila rufaa ya eko yenye tarehe, na eko ifanyike ndani ya wiki za mwanzo.

2. Mama aambiwe yeye mwenyewe, faraghani, kwa lugha anayoielewa, pamoja na baba kama yupo.

3. Kadi ya kliniki iwe na ukurasa wake: moyo, tezi, masikio, macho, damu. Nesi aweke tiki, mama aione.

4. Wakubwa nao wapimwe kila mwaka. Hawaishii miaka mitano.

5. Mganga yeyote akiandika "Down" kama sababu ya kikohozi, aulizwe na wakubwa zake amepima nini.

Na wewe mzazi unayesoma hapa, au unayemjua mzazi: usisubiri serikali isome blogu ya kijana wa mjini. Kesho asubuhi mbebe mtoto, nenda, simama mbele ya daktari useme maneno manne: "Naomba eko ya moyo." Akikujibu ndivyo alivyo, mwambie akuandikie hilo jibu kwenye faili, aweke na sahihi.

Nawasilisha.