Hiyo habu yenu isiyo na stima nimeitupa

Najua niliahidi kuendelea na yale masomo ya Python, lakini leo mtasubiri kidogo. Nimekasirika, na nikikasirika siwezi kuandika programu, naweza kuandika blogu tu.

Chanzo ni nyaya. Mpwa wangu ana miaka 19 na anataka kuwa rubani. Anasoma vitabu vya nadharia usiku na mchana, na akipata pesa ataanza kuruka pale Wilson. Saa moja ya Cessna pamoja na mwalimu si pesa ya kuokota barabarani, kwa hiyo tulikubaliana afanye mazoezi nyumbani kwa simuleta. Tunatumia FlightGear, programu huria ya bure iliyoanza miaka ya 1990 na inayotengenezwa na watu wa kujitolea mpaka leo. Ndege yake ya kawaida ni Cessna 172, ndugu yake zile zinazotuamsha sisi tunaokaa karibu na Lang'ata. Saa za nyumbani haziandikwi kwenye kitabu cha rubani, hilo analijua. Lakini mkono na mguu vinazoea, na kichwa kinashika utaratibu kabla mita ya pesa haijaanza kuhesabu.

Sasa hesabu vifaa: usukani wa ndege, throtoli (ule mkono wa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini), pedali za miguu, kibao cha swichi, na kipanya. Nyaya tano. Tarakilishi yenyewe ni laptopu yangu ya kazi, ina matundu mawili ya USB. Meza ni ya kulia chakula, na mwenye meza ni dada yangu, ambaye saa moja jioni anataka kuweka sufuria hapo na hataki kusikia habari za urubani.

Wiki ya kwanza dada alipita na thamosi ya chai, mguu ukanasa waya wa pedali. Chai ilipona. Tundu la USB la laptopu lililegea, nikampelekea fundi akalichomelea upya kwa shilingi 2,500 na siku mbili bila kazi. Hapo ndipo nikaamua: nyaya hizi zifungwe, ziwe moja.

Nikaenda mjini. Duka silitaji. Nikamwambia kijana wa kaunta nataka habu ya USB ya vifaa vitano. Akanitolea kijisanduku cheusi cha matundu saba, taa ya buluu juu ya kila tundu, na ubavuni kitundu kidogo cha duara cha kuchomeka adapta. Adapta iko wapi? "Hiyo haina haja boss, inajichukulia stima kwa laptopu." Nikalipa. Mimi, ambaye kazi yangu ni tarakilishi, nikalipa!

Meza ilipendeza. Dada alifurahi. Mpwa akaanza kutua vibaya.

Hapa ndipo hasira yangu inapotoka, kwa hiyo nivumilieni. Kijana alikuwa akija vizuri kabisa kwenye njia ya 07 ya Wilson, futi 5,500 hivi juu ya usawa wa bahari, mabawa sawa, mwendo sawa. Magurudumu yakigusa tu, pua inakwenda kushoto na ndege inaishia kwenye nyasi. Si kila mara. Mara moja katika tano, pengine katika saba. Kwenye Cessna ukiwa chini unaongoza gurudumu la mbele kwa miguu, basi mimi mjomba mtaalamu nikamwambia, "Miguu yako mizito, tulia." Akatulia. Ikatokea tena. Akaanza kukaa kimya baada ya mazoezi. Siku moja akaniuliza, "Mjomba, wapo watu ambao hawawezi tu hii kazi?" Wiki mbili nzima kijana aliamini ana kasoro ya miguu.

Siku nilipopata akili nilifungua dirisha la pili kwenye Linux, nikaandika dmesg -w, nikamwambia aruke. Akatua, pua ikaenda kushoto, na papo hapo kwenye dirisha ukatokea mstari: USB disconnect. Sekunde moja baadaye kifaa kipya kimeonekana. Kipya wapi! Zilikuwa pedali zilezile. Zilikuwa zimezimika na kuwaka tena, na katika sekunde hiyo hakuna mguu duniani ambao ungeshika njia. Miguu ya kijana haikuwa na neno. Jina la kile kijisanduku lilikuwa habu, stima yake ilikuwa haba.

Hesabu yake ni rahisi, na ndiyo maana nawalaumu wauzaji, kwa sababu hata karani wa duka anaiweza. Tundu la kawaida la USB 2.0 linatoa volti 5 na miliampea 500, basi. Habu isiyo na adapta inajikatia hadi 100 za kula yenyewe, zinabaki 400. Kanuni za USB zinasema habu ya namna hiyo igawe 100 kwa kila tundu. Mia nne ukigawa kwa mia unapata nne. Ndiyo kusema habu inayonyonya stima kwenye laptopu kupitia USB 2.0 haifai kuwa na matundu zaidi ya manne. Saba yanatoka wapi? Mara nyingi ndani mna chipu mbili za matundu manne, moja imening'inizwa kwenye tundu la mwenzake, kwa hiyo yanabaki saba. Hakuna ubaya wowote kufanya hivyo, mradi stima iingie kutoka ukutani. Bila adapta ni kama landilodi aliyegawa nyumba moja vyumba saba akaacha mita ileile.

Mtu ataniambia joistiki haili stima nyingi. Kweli, nyingi hazifiki hata 100. Lakini kibao cha swichi chenye taa kinakula, na taa za buluu za habu yenyewe zinakula pia, na waya mrefu mwembamba unapunguza volti njiani. Ukitaka kujua kila kifaa kimetangaza kiasi gani, kwenye Linux andika lsusb -v uangalie mstari wa MaxPower. Hilo ni tangazo, lakini linakupa mwanga. Tena zipo habu zinazoidanganya tarakilishi kwamba zina stima yake ilhali hazina, kwa hiyo mfumo hautakuonya. Utaona tu vitu vinapotea vyenyewe. Kifaa kingekufa moja kwa moja ningekishukuru, ningejua pa kuanzia. Hiki kilikuwa kinazimia sekunde moja na kumwachia mwanafunzi lawama.

Upande wa pili wapo wazee wa simuleta, wale wa tarakilishi kubwa ya mezani yenye matundu kumi nyuma. Kwao habu ni dhambi. Chomeka moja kwa moja, wanasema, habu inachelewesha. Wazee wangu, nawaheshimu, lakini tupimeni. Habu inaweza kuongeza milisekunde moja hivi. Laptopu yangu inachora picha 30 kwa sekunde, maana yake picha moja inakaa milisekunde 33 kwenye skrini. Hiyo moja mnaiona kwa jicho gani? Na kwa mtu mwenye matundu mawili, "chomeka moja kwa moja" si ushauri, ni kumwambia anunue tarakilishi nyingine.

Isitoshe, kuchomeka na kuchomoa kila jioni kuna madhara yake. Kwenye Windows, kifaa kisicho na namba yake ya kiwandani ukikihamisha kutoka tundu moja hadi jingine kinahesabiwa kipya. Simuleta nyingi hapo husahau mpangilio wako: jana pedali zilikuwa usukani wa mkia, leo hazijulikani. Nimeona watu wakipoteza nusu saa ya kila jioni kupanga upya vitu walivyovipanga jana. Vifaa vikikaa kwenye habu moja, kila kimoja kwenye tundu lake, na habu yenyewe kwenye tundu lilelile la laptopu, tatizo hilo linakwisha. Nimetia alama ya rangi ya kucha ya dada kwenye tundu la laptopu ili mtu asikosee. (Aliuliza rangi imeishaje. Nikajibu juu juu.)

Basi nikanunua habu ya pili. Safari hii sikununua matundu, nilinunua adapta. Namaanisha hivi: nilisoma kwanza maandishi ya adapta kabla ya kuangalia sanduku. Matundu saba mara miliampea 500 ni ampea 3.5. Duka lilinionyesha nyingine yenye adapta ya volti 5 ampea 1. Hiyo ni matundu mawili na tamaa. Niliyochukua ina volti 5 ampea 4. Bei ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya kwanza, na najua msomaji anayehesabu nauli ya matatu ataguna. Nami niliguna. Ila jumlisha ile ya kwanza niliyoitupa, na 2,500 za fundi, uone. Rahisi ghali.

Kuna kasoro moja ya hizi zenye adapta ambayo hakuna anayeiandika kwenye sanduku. Nyingine hazina kizuizi, kwa hiyo stima ya adapta inarudi nyuma kupitia waya hadi kwenye tarakilishi. Kupima ni rahisi ukiwa na mita ya fundi: chomeka adapta ukutani, usichomeke habu kwenye laptopu, kisha pima kwenye ile plagi ya kwenda laptopu, pini mbili za pembeni kabisa. Ikisoma volti 5, rudisha dukani. Isome sifuri. Nilipima mbele ya mwenye duka, akanitazama kama mkaguzi wa kodi.

Mtasema laptopu za siku hizi zina lile tundu la C linalotoa hadi ampea 3. Baadhi, ndiyo. Ikiwa laptopu yako inatoa hivyo kweli na habu yako imeundwa kuchukua hivyo, hongera, ruka aya hizi. Sisi wengine tunatumia mitumba.

Hoja pekee iliyonisumbua ni ya jirani yangu. Alisema: hapa Kenya stima inapotea, sasa umeitoa simuleta kwenye betri ya laptopu ukaifunga ukutani. Ana haki. Laptopu inabaki hai, habu inakufa, na rubani yuko angani bila usukani. Dawa niliyopata ni kile kibetri kidogo ambacho watu hununua kwa ajili ya ruta ya intaneti. Hakikisha tu volti zinalingana na za habu, na kwamba chanya na hasi ziko upande uleule kwenye plagi. Yangu ni ya volti 5, na kibetri kina tundu la volti 5. Inatosha kumaliza safari na kutua. Ukipuuza volti ukatumia lile tundu la volti 12 kwenye habu ya volti 5, usiniandikie barua pepe.

Mpangilio wenyewe ni ubao. Fundi seremala alinikatia ubao wa upana wa meza, usukani na throtoli vimebanwa juu, habu imekazwa kwa skrubu chini yake. Nyaya zilizobaki ndefu nimezikunja na kuzifunga kwa vipande vya kitambaa cha kunasa, si zile kamba za plastiki ambazo ukizikaza sana zinaumiza waya na kuzitoa lazima makasi. Kipokezi cha kipanya kisichotumia waya nilikiacha kwenye tundu la pili la laptopu. Kikikaa ubavuni mwa vifaa vya USB 3.0 mawimbi yake yanasumbuliwa na kipanya kinaanza kurukaruka. Pedali zina waya wao wa kuja juu hadi kwenye ubao. Kutoka kwenye ubao zinatoka nyaya mbili tu: moja ya laptopu, moja ya stima. Saa moja jioni ubao unanyanyuliwa mzimamzima, unasimamishwa nyuma ya kabati, sufuria inakaa mezani.

Ile habu nyeusi nilimrudishia kijana wa kaunta. Sikudai pesa, nilitaka tu aniambie adapta yake iko wapi. Akasema tena haina haja. Nyuma yangu alikuwa amesimama mama mmoja anayemnunulia mwanawe habu kama hiyo ya kuunganisha diski mbili za nje, na diski za kuzunguka zinakula stima kuliko pedali. Nikamwambia aangalie ampea kwanza. Kijana wa kaunta hakupenda. Mama alitoka bila kununua.

Mpwa ametua mara 31 tangu ubao uwekwe, dmesg ikiwa wazi pembeni. Hakuna mstari hata mmoja. Mara nne aliingia kwenye nyasi, na hizo nne ni za kwake mwenyewe, anazijua sababu zake moja moja. Leo anataka kujaribu upepo wa ubavuni pale Manda, Lamu. Dada anasema chapati ziko tayari baada ya nusu saa.