Nani Analipa Shilingi 400 za Mwanafunzi?

Kila shule zinapofunguliwa, karipio huwa lile lile: makonda wa daladala hawana utu, wanawaacha watoto wetu vituoni. Wazazi hulipenda karipio hili, na viongozi hulipenda zaidi. Mimi nalikataa, kwa kuwa linamtwisha konda deni lisilo lake.

Tuitazame hesabu. Mwaka 2022 LATRA iliipandisha nauli ya safari isiyozidi kilomita 10 kutoka shilingi 400 hadi 500. Desemba 2023 ikafika 600. Mara zote mbili mwanafunzi aliachiwa 200 yake. Ni haki, mtoto hana mshahara. Lakini zile 400 zilizopunguzwa hazikuyeyuka. Lazima zitoke mfukoni mwa mtu, na serikali iliyotangaza punguzo haikutoa hata senti.

Mwenye gari naye hatoi. Yeye hupokea hesabu yake ya siku, kiasi kilichopangwa, kisichojali kama gari lilibeba watu wazima au watoto. Dereva na konda hununua mafuta, hukabidhi hesabu, kisha hugawana kinachobaki, kama kimebaki. Wanafunzi kumi huleta 2,000. Watu wazima kumi huleta 6,000. Hiyo tofauti ya 4,000 hukatwa kwenye ujira wa watu wawili ambao mara nyingi hawana hata mkataba wa maandishi. Kisha twashangaa mlango ukifungwa saa kumi na mbili asubuhi!

Anayeumia ni mtoto wa Mbagala au Gongo la Mboto, anayefika darasani kipindi cha kwanza kimekwisha na kukuta adhabu inamngoja. Binti naye hupewa lifti na wanaume wasiotoa kitu bure. Tangu 2016 twajivunia elimu bila ada, na hatuoni kwamba ada nyingine inadaiwa mlangoni mwa basi.

Nitajibiwa kwamba sheria ipo, makonda watozwe faini. Wametozwa miaka yote, na trafiki akigeuka kisogo mlango hufungwa tena. Kama taifa limeamua mtoto asafiri kwa 200, taifa lilipe zile 400: litenge fungu katika bajeti ya elimu, ama liwapunguzie tozo wenye magari, kwa sharti kwamba punguzo hilo lionekane kwenye hesabu anayodaiwa dereva jioni. Mbunge atakayesimama tena kuwakaripia makonda aanze kwa kutuambia fungu hilo atalitoa wapi.